Picha Huku, Sauti Kule

Harusi ya Uchagani haiendi kimya kimya. Maharusi wakitoka kanisani Marangu au Machame, matarumbeta yapo juu ya pikapu mbele ya msafara, na mpiga video anatarajiwa kuyanasa sawasawa na shela ya bibi harusi. Hapo ndipo kazi ilipo. Picha huvutia wateja, lakini sauti ndiyo imewahangaisha mafundi wa kamera tangu zamani.

Mwaka 1935 huko Vugiri, kwenye milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake walianza mradi wa sinema za elimu ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Walipiga picha kwa filamu ya milimita 16 isiyo na sauti. Maneno yakarekodiwa kando, kwenye santuri. Wakati wa maonyesho, santuri na filamu zilipaswa kwenda pamoja, la sivyo mtu angeonekana amefumba mdomo huku angali anasema. Hadi mradi ulipofungwa mwaka 1937, filamu zipatazo 35 zilikuwa zimetengenezwa kwa taabu hiyo.

Baadaye kamera za mkanda wa video ziliondoa adha hiyo: picha na sauti zikakaa mahali pamoja. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994 tu, mwaka ambao ITV ya Reginald Mengi, mzaliwa wa Machame, ilianza kurusha matangazo. Kwa hiyo familia yenye deki iliweza kujitazama harusini kabla ya Tanzania Bara kuwa na taarifa ya habari ya kutazama.

Kisha ukaja mwaka 2008. Nikon ilitoa D90, kamera ya picha mnato ya kwanza ya aina ya DSLR kurekodi video, na Canon ikafuata na 5D Mark II. Kihisi kikubwa cha Canon hiyo kilimtenga bibi harusi na migomba iliyo nyuma yake kwa uzuri ambao kamera ndogo za mkanda hazikuufikia.

Uzuri huo ulikuwa na gharama. Faili la 5D lilijaa baada ya kama dakika 12, na mahubiri ya Kilutheri hayana haraka hiyo. Ilirekodi fremu 30 kwa sekunde, ilhali umeme wetu ni wa hezi 50. Chini ya taa za tyubu ukumbini, picha iliweza kumetameta. Kibaya zaidi, kamera ilijipangia kiwango cha sauti yenyewe. Penye utulivu iliongeza usikivu na kuleta mvumo. Tarumbeta likilia ilijipunguza ghafla, na maneno ya mchungaji yaliyofuata yakadidimia.

Machi 2010 Canon ilisasisha programu ya kamera hiyo: fremu 25 zikapatikana, na fundi akaruhusiwa kupanga sauti kwa mkono. Hata hivyo, maikrofoni ya ndani ilibaki dhaifu, mbali na msemaji na karibu na vidole vya mpiga picha. Dawa ikawa kinasa sauti cha pembeni, kilichounganishwa na mitambo ya ukumbi au kuwekwa karibu na madhabahu. Mpiga video hupiga kofi moja mbele ya lenzi kabla ya kuanza. Wakati wa kuhariri, mlio huo hulinganishwa na fremu ambayo viganja vinakutana, na kazi ya Vugiri inafanyika upya, safari hii kwenye kompyuta.