Kivinjari cha Zamu, si Chaguo-msingi

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mwenye kompyuta kuukuu, Bariadi kama kwingineko, akabaki na njia mojawapo ya bei nafuu: kuweka Linux nyepesi, iwe Lubuntu au antiX. Jambo hilo ni jema. Kero huanza fundi anapotaka kueleza kwa Kiswahili ni programu ipi ifungue kurasa za intaneti pasipo kuulizwa. Hapo huletewa jina lililokwisha kuzagaa katika simu zetu: kivinjari chaguo-msingi.

Kivinjari chenyewe nakikubali. Kuvinjari ni kwenda huku na huku ukiangaza macho, kama chombo kinachozunguka pwani kikipeleleza, nalo lamfaa mtu anayepita kurasa hii hadi ile. Wako waliotaka kisakuzi, jina linalonuka usasi. Kusaka ni kazi ya injini ya utafutaji, na asiyezitenganisha kazi hizo mbili hakustahili kualikwa kwenye jopo la istilahi.

Kinachonichefua ni chaguo-msingi. Chaguo ni kitu kilichochaguliwa; je, nani amekichagua? Kile ambacho mafundi wetu hukiita difolti ndicho kinachoshika kazi pale mtumiaji asipochagua lolote. Waingereza walilichukua neno lao katika Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kukosa na kupungukiwa. Likakaa mahakamani karne kadhaa likimhusu asiyetokea kesi yake ikiitwa. Ndipo wana kompyuta wakaliazima. Kiini chake ni kutokuwepo. Waheshimiwa wetu wakaugeuza utoro kuwa uteuzi! Hawakuridhika, wakaongeza msingi, kana kwamba ukikitoa kivinjari hicho nyumba itaanguka. Ing'oe Firefox katika Lubuntu uweke kivinjari kingine, uone kama mfumo utatikisika.

Mimi nasema kivinjari cha zamu. Zamu ina nasaba ya baharini: manahodha wa Kiarabu wa Bahari ya Hindi waliita zam mwendo wa chombo wa saa tatu, kipimo alichokitumia Ahmad ibn Majid katika karne ya 15. Vinjari na zamu, basi, wametoka chombo kimoja, na kuwaoza ni kuwarudisha kwao.

Nilipolitoa pendekezo hili kikaoni, mjumbe mmoja, ambaye adabu inanizuia kumtaja, alisema linanuka mgambo. Pua yake ilikuwa sawa. Kasoro ni kudhani kwamba hilo ni tusi. Usukumani, Sungusungu walipoanza mapema katika miaka ya 1980, Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, vijiji vililindwa usiku kwa zamu, na doria ile ndiyo kuvinjari kwenyewe. Hata leo, Simiyu ikiwa mkoa tangu 2012, hakuna shule isiyo na mwalimu wa zamu. Mgeni akifika bila kutaja anayemtaka, hupelekwa kwake. Ndivyo kiungo kilivyo: mzazi akibofya kiungo cha matokeo ya NECTA ndani ya barua pepe, kiungo hakitaji programu, nao mfumo hukipeleka kwa kivinjari kilichoko zamu. Kesho mwalimu mkuu aweza kumpanga mwingine. Msingi, kwa upande wake, haubadilishwi kila Jumatatu.

Wapinzani wangu hudai kwamba zamu ni kupokezana, ilhali kivinjari hukaa palepale. Wangesoma kidogo kabla ya kupiga kura. Lubuntu iliipumzisha Chromium mwaka 2013 ikaipanga Firefox. Mfumo wa Raspberry Pi ulianza na Midori, ukaipokeza Epiphany mwaka 2014, kisha Chromium mwaka 2016. Kama huko si kupokezana zamu, watuambie ni nini.

Kuhusu matumizi, neno moja: kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2, Firefox hufaa ukivumilia vichupo vichache, Dillo ni chepesi mno, ila hakiendeshi JavaScript, na tovuti nyingi za leo zitakigomea. Kubadili zamu katika Debian na jamaa zake, amri ni sudo update-alternatives --config x-www-browser, au pita kwenye mipangilio ya mfumo.

Neno hili halikomei kwenye kivinjari. Tutapata printa ya zamu, fonti ya zamu, lugha ya zamu, na hakuna hata moja litakalomtoa jasho mwanafunzi wa Maswa au Itilima. Wanaotafsiri programu na wanaoandika vitabu vya TEHAMA nawaomba wafute chaguo-msingi katika matoleo yao yajayo. Kamati zikitaka kuidhinisha baadaye, milango ipo wazi.