Msongo wa Kazi: Kinachobana na Anayebanwa

Kwa hali ambayo mijini wengi huiita stresi, istilahi iliyoshika mizizi katika Kiswahili ni msongo wa mawazo. Imeundwa vizuri. Kitenzi chake ni kusonga, kwa maana ya kubana na kukaza, ndicho kilichotupa msongamano wa magari na hata kusonga ugali. Mwenye msongo mawazo yamemjaa hadi yamembana. Kama jina la hali anayoisikia mtu moyoni, silioni neno linalolishinda.

Taabu huanza tunapolipeleka neno hilo kazini. Mawazo ni ya mfanyakazi, yamo kichwani mwake, basi na dawa hutafutwa humo humo: apumzike, afanye mazoezi, asali, ajikaze. Kazi iliyomfikisha hapo haiulizwi lolote.

Utata huu wa kuchanganya kinachobana na anayebanwa ni wa zamani. Mwaka 1936 Hans Selye, mtafiti aliyekuwa Montreal, Kanada, alieleza katika jarida la Nature jinsi panya waliotiwa kwenye baridi kali, kujeruhiwa au kupewa sumu walivyoitikia kwa namna moja: tezi za adrenali zilikua, na tumbo likatoka vidonda. Baadaye aliipa hali hiyo jina kwa kuazima neno la wahandisi, stress. Kwao neno hilo ni nguvu inayoikaza boriti. Yeye alikuwa akieleza kupinda kwa boriti. Alikuja kukiri kwamba angekijua Kiingereza vizuri zaidi, angechagua neno jingine. Ndiyo maana mpaka leo kinachobana na hali ya aliyebanwa hutajwa kwa jina moja. Kiswahili hakilazimiki kurithi mkanganyiko huo. Tunaweza kusema visababishi vya msongo tukimaanisha vilivyomo kazini, na msongo wa kazi tukimaanisha matokeo yake kwa mtu.

Visababishi hivyo ni vipi? Wengi watajibu haraka: kazi nyingi. Mwaka 1979 Mmarekani Robert Karasek alionyesha kwamba jibu hilo ni nusu tu. Wingi wa kazi huumiza zaidi pale mfanyakazi asipokuwa na uhuru wa kuamua aifanye vipi.

Mtazame keshia wa supamaketi jioni ya mwisho wa mwezi. Foleni imefika kwenye friji za maziwa. Skana imesoma chupa ya mafuta ya kupikia mara mbili, naye haruhusiwi kuifuta. Sharti msimamizi aje na kadi yake, na msimamizi yuko stoo. Wateja wanamfokea yeye. Usiku droo ikionekana imepungua, fedha zinakatwa kwenye mshahara wake. Kasi ya kazi haipangi yeye, kosa haruhusiwi kulirekebisha, lakini hasara ni yake. Mtu huyu ukimfundisha kuvuta pumzi taratibu, umemsaidia kwa dakika chache, na kesho yake foleni iko pale pale.

Watu husema kazi inawapa presha, neno lile lile wanalolitumia kwa shinikizo la damu, na utafiti haujawaumbua. Huko London, uchunguzi wa watumishi wa serikali ulioitwa Whitehall, ulioanza mwaka 1967, ulikuta kwamba waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo hawakuwa wakubwa wenye majukumu mazito. Walikuwa wa ngazi za chini, na tofauti ilizidi mara tatu. Sigara na unene havikutosha kuieleza. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1985 ikiongozwa na Michael Marmot, iliwahusisha na wanawake, na ikaona kwamba kukosa usemi juu ya kazi yako mwenyewe ni sehemu kubwa ya maelezo.

Mtafiti Johannes Siegrist aliongeza jambo jingine mwaka 1996: jasho lisilolingana na ujira. Katika ujira alihesabu pia heshima na uhakika wa ajira, si fedha peke yake. Mwalimu wa mkataba anayesahihisha madaftari hadi usiku bila kujua kama mkataba utaendelea ana kisababishi kinachotajika, na anayeweza kukiondoa ni mwajiri wake.