Bwawa na Mgomba katika Nchi ya Rungwe

Utamaduni wa taifa unapotajwa, aghalabu watu hukumbuka ngoma, nyimbo na masimulizi. Ni wachache wanaokumbuka samadi. Nasi twathubutu kuanza nayo, maana bila samadi habari ya samaki wa Rungwe haielezeki.

Godfrey na Monica Wilson, waliofanya uchunguzi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, walikuta ng'ombe wakilazwa nyumbani pamoja na wenyewe. Kulipokucha nyumba ilifagiliwa, na samadi pamoja na majivu vikapelekwa migombani na mashambani. Masukulu, kusini mwa Tukuyu, ni sehemu ya nchi hiyo: udongo wa volkano, mvua tele, vijito vingi, na magimbi yakistawi mabondeni. Upande huo huo liko Ziwa Masoko, lililojaa ndani ya shimo la volkano. Na chini zaidi, kupita mashamba ya mpunga ya Kyela, liko Ziwa Nyasa lenye mbasa na usipa. Kuvua samaki watu walikujua tangu kale. Kumfuga ni habari nyingine.

Ufugaji wa samaki katika Tanganyika ulianza kwa majaribio ya perege mwaka 1949, huko Korogwe na Malya. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha, Serikali iliendesha kampeni ya kuueneza nchini kote, na katika zama hizo yakahesabiwa mabwawa yapatayo 8,000. Hesabu hiyo yapendeza masikioni, lakini sisi watumishi wa umma hatuna budi kusema kweli: mengi hayakuzaa kitu. Mengine yalikuwa na ukubwa wa mita za mraba 20 tu. Mengine yalichimbwa vibaya, yakakosa matunzo, au yakakaushwa na ukame. Kwa maoni yetu kosa lilianzia mbali zaidi. Bwawa lilihesabiwa peke yake, kana kwamba halina jirani. Zizi likabaki huku, bustani kule.

Hebu tutazame lilivyo. Samadi ikitiwa majini kwa kiasi, maji hugeuka kijani kwa vijimea vidogo mno, na perege hujilisha humo. Ikizidi, hewa ya majini hupungua na samaki hufa. Kinyesi cha samaki nacho hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ndiyo chakula cha mmea. Basi maji ya bwawa yakielekezwa kwenye mboga au migomba, humwagilia na kurutubisha kwa mara moja.

Wachina wamefuga samaki ndani ya majaruba ya mpunga kwa karne nyingi, na Waazteki wa Meksiko walilima juu ya vitalu walivyovijenga ziwani kwa matope yake. Tangu miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wa Marekani wameyazungusha maji kati ya matangi ya samaki na mimea isiyopandwa udongoni kabisa. Mwanafunzi akiyasoma haya huenda akadhani ni miujiza ya ng'ambo. Na amwulize bibi yake majivu ya jikoni yalikuwa yakienda wapi.

Lakini nchi ina masharti yake. Perege hapendi baridi, na Tukuyu iko juu, yapata mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Maji yakiwa ya baridi samaki hukawia kukua hata mfugaji akakata tamaa. Kadiri mtu anavyoteremka kuelekea Masukulu na Kyela, joto huongezeka, na kazi hiyo hiyo huwa nyepesi. Siku ya mavuno bwawa hufunguliwa, maji yakashuka migombani. Samaki wakishaokotwa, matope ya chini huzolewa kwa jembe na ndoo, yakamwagwa shinani mwa mgomba.