Seva za Hosteli: Wanachuo Wanne Walioburuzwa Mahakamani 2003

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mwanachuo wa Marekani aliyekaa hosteli aliishi kifalme. Mtaani watu wengi bado wanaingia intaneti kwa laini ya simu, taratibu kama konokono, yeye chumbani ana waya ukutani, spidi ya kufa mtu. Kompyuta ikiwaka usiku kucha tayari ni seva. Hata Google ilipita njia hiyo: kuna kipindi chumba cha mwanzilishi wake mmoja pale Stanford kilijaa mashine.

Vyuo navyo havikulala. Kanuni za hosteli nyingi zilifanana: mtandao ni wa masomo na matumizi yako binafsi, usifanyie biashara, usiwamalizie wenzako spidi. Ukizingua unakatiwa laini, unaitwa ofisini, unaomba radhi, yameisha. Napster ilipokuja na watu wakaanza kushusha nyimbo mchana na usiku, Chuo Kikuu cha Indiana kiliifungia mwaka 2000 kwa sababu ilikuwa inakula mtandao wa chuo.  Mwanzoni ilikuwa kesi ya nyumbani.

Sasa twende RPI, chuo cha teknolojia mjini Troy, New York, mwaka 2002. Kuna dogo wa mwaka wa kwanza alikuta programu ya kutafuta mafaili ndani ya mtandao wa chuo, akaifanyia marekebisho. Kazi yake ilikuwa rahisi tu. Wanafunzi walikuwa wameacha mafolda wazi kwenye kompyuta zao. Seva ya dogo inayapitia, inaandika orodha, ukitafuta kitu inakwambia kiko kwa nani. Zamani ukibofya faili la mtu aliyezima kompyuta, mashine yako inaganda. Dogo akaweka kipimo cha kuangalia kwanza kama mwenzako yuko hewani. Orodha ikafika mafaili zaidi ya milioni, kama robo yake muziki. Mengine notsi, picha, video, kila takataka ya hosteli.

Tarehe 3 Aprili 2003 RIAA, chama cha makampuni ya muziki Marekani, kikashtaki wanafunzi wanne: wawili wa RPI, mmoja Princeton, mmoja Michigan Tech. Sheria inaruhusu fidia hadi dola 150,000 kwa wimbo mmoja. Piga hesabu mdau: nyimbo 100 tu ni dola milioni 15. Kwa mtoto wa bweni!

Rais wa Michigan Tech alichukia, akawaandikia RIAA barua. Malalamiko yake: mngetuambia, tungeizima siku hiyo hiyo, mbona huko nyuma tumekuwa tukishirikiana? Na hapo ndipo palipouma. Madogo walijua mwenye fimbo ni chuo, kumbe kuna mkubwa mwingine nje ya geti, na yeye habishi hodi ofisi ya walezi.

Tarehe 28 Aprili Apple ikafungua duka lake la iTunes, wimbo senti 99. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Mei, wanne wote wakamalizana na RIAA bila kukiri kosa, kila mmoja akikubali kulipa kati ya dola 12,000 na 17,500. Yule dogo wa RPI familia yake iliambiwa na mawakili kwamba kupigana kesi kungegharimu kama dola 250,000, hata akishinda. Akaulizwa ana akiba kiasi gani. Akajibu dola 12,000, pesa alizokusanya kwa vibarua vya likizo. Basi, wakataka hizo hizo.

Akalipa. Halafu akaomba michango kwenye intaneti, na watu asiowajua wakaanza kumtumia.