Hayasinthi: Ua la Baridi

Hayasinthi ya harufu, ambayo wataalamu wa mimea huiita Hyacinthus orientalis, asili yake ni miteremko yenye mawe ya kusini mwa Uturuki, Syria na Lebanon. Isichanganywe na gugumaji la Ziwa Victoria. Gugu hilo lilitoka Amerika ya Kusini na halina undugu nayo, ingawa Wazungu waliyaita yote mawili kwa jina moja. Hayasinthi ya milimani huota kutoka kwenye tunguu lenye magamba kama kitunguu cha jikoni, na porini hutoa maua machache ya buluu hafifu, yaliyoachana kwenye bua.

Waturuki huiita sümbül, na Waajemi sonbol. Washairi wa Kiajemi waliufananisha mviringo wa petali zake na nywele za mpenzi, na hadi leo ua hili huwekwa kwenye meza ya Nowruz, mwaka mpya wa Wairani unaoingia mwezi Machi. Watawala wa Kiosmani waliligeuza ua la kasri. Mwishoni mwa karne ya 16, Sultan Murad III aliagiza matunguu 50,000 meupe na 50,000 ya buluu yachimbwe milimani kwa ajili ya bustani zake za Istanbul.

Karne hiyo hiyo matunguu yalifika Ulaya. Mtaalamu wa mimea Carolus Clusius, aliyehamia Leiden, Uholanzi, mwaka 1593, alikuwa miongoni mwa walioyaeneza. Lakini makao ya kweli ya hayasinthi yakawa Haarlem, ambako udongo wa kichanga nyuma ya matuta ya pwani hupitisha maji upesi na tunguu haliozi. Mkulima wa huko, Pieter Voorhelm, alikuwa na desturi ya kung'oa na kutupa miche yenye petali za ziada, kwa kuwa haikutoa mbegu. Msimu mmoja aliugua, akachelewa kukagua vitalu vyake. Aliporudi alikuta ua moja la aina hiyo limechanua, na wanunuzi wakalitaka. Kutokana na kazi yake ilipatikana aina iliyoitwa Mfalme wa Uingereza, ambayo tunguu lake moja liliuzwa kwa zaidi ya gulden 1,000. Katika miaka ya 1730 bei zilipanda kwa homa iliyowakumbusha Waholanzi ile ya tulipu karne moja nyuma, kisha zikaporomoka.

Utajiri huo ulitegemea kisu. Tunguu la hayasinthi likiachwa peke yake huzaa watoto wachache sana, hivyo wakulima hulikata kitako wakati wa kiangazi, mahali mizizi inapotokea. Kwenye kingo za magamba yaliyojeruhiwa huchipua vitunguu vidogo kwa makumi, navyo huhitaji miaka mitatu au minne kabla ya kutoa maua ya kuuzwa.

Katika karne hiyo ya 18 hayasinthi iliingia ndani ya nyumba. Huko Ufaransa, Madame de Pompadour, kimada wa mfalme, aliyaotesha matunguu kwenye gilasi zenye shingo nyembamba: tunguu hukaa juu, maji chini, na mizizi pekee ndiyo inayoyafikia. Siri, kwenye gilasi na kwenye chungu pia, ni baridi. Tunguu hupandwa ncha ikichungulia juu ya udongo, kisha huwekwa gizani kwa wiki kumi au zaidi katika jotoridi lisilozidi nyuzi 9. Bila hayo, ua hukwama kati ya majani. Ndiyo maana kwenye joto la pwani ya Afrika Mashariki ni lazima kutumia jokofu, mbali na matunda yaliyoiva, kwa sababu gesi ya matunda hayo huharibu chipukizi la ua. Mwanzoni mwa karne ya 20, Nicolaas Dames wa Uholanzi aligundua kwamba matunguu yakichimbwa mapema na kuhifadhiwa penye joto, huunda ua lao mapema. Yakipata baridi baada ya hapo, huchanua kufikia Krismasi.

Anayeyashika matunguu haya huvaa glavu, kwani fuwele ndogo zilizomo huwasha ngozi. Baada ya kuchanua chunguni, tunguu huwa limechoka. Likihamishiwa ardhini, kwenye nchi zenye majira ya baridi, huchanua tena mwaka unaofuata, ila shada hupungua na maua huachana kwenye bua, yakikaribia sura ya yale ya milimani.