Mwano: Ulinzi wa Kaya Unyamwezini na Usukumani

Katika Kisukuma na Kinyamwezi, lugha mbili za magharibi ya Tanzania zilizo jamaa wa karibu, neno mwano lina maana ya yowe la hatari, yaani sauti anayoitoa mtu aliyevamiwa ili majirani waache walilokuwa wakilifanya na kumkimbilia. Yowe hilo lina masharti yake: anayelipiga bila sababu amekosa, na anayelisikia akabaki kitandani amekosa zaidi, kwa kuwa huhesabiwa ama mwoga ama mshirika wa mvamizi. Historia ya ulinzi wa kaya, neno linalojumuisha nyumba, watu wake, maghala na zizi la ng'ombe, inaweza kuandikwa kwa kufuata kuta, milango na silaha. Lakini katika nchi ya Tabora na Shinyanga jambo lililoamua usalama wa kaya katika kila zama lilikuwa umbali kati ya mpiga mwano na msikiaji wake, pamoja na nguvu iliyomlazimu huyo msikiaji kuitika.

Katika karne ya 19 umbali huo ulikuwa mfupi kwa lazima. Uvamizi wa Watuta, kundi la Wangoni lililofika kutoka kusini katikati ya karne hiyo, biashara ya pembe za ndovu na watumwa iliyoleta bunduki nyingi kwa njia ya misafara ya pwani, na vita vya wakuu kama Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliingia vitani na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora, viliwafanya wakulima wajikusanye katika vijiji vilivyozungushiwa ngome. Wapiganaji wa kukodiwa walioitwa rugaruga, wengi wao vijana wasio na kaya zao wenyewe, waliishi kwa kuteka mifugo na watu, na mtu aliyejenga peke yake porini alikuwa amejiandikia hasara. Nyumba iliyoenea ilikuwa ya tembe, yaani nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, ambayo mara nyingi ilijengwa kwa pande nne kuuzunguka ua, ukuta wake wa nje ukiwa hauna madirisha, ili ng'ombe walale katikati na watu wawazunguke. Nje ya nyumba hizo kulikuwa na uzio wa magogo yaliyosimikwa karibu karibu, wakati mwingine handaki, na mara nyingi ua wa minyaa, mmea ambao hukua upesi ukishachomekwa ardhini na ambao utomvu wake mweupe huumiza macho kiasi cha kuweza kumpofusha anayejaribu kuukata usiku.

Inafaa kusimama kidogo kwenye maneno, kwa sababu msamiati wa serikali ya leo umetoka kwa sehemu katika nyua hizo. Boma, ambalo kwa asili ni uzio wa kuhifadhi mifugo au watu, liligeuka kuwa jina la ngome za Wajerumani na baadaye la ofisi za wilaya. Ikulu, ambalo leo ni makao ya Rais, lilikuwa makao ya ntemi, yaani mtawala wa jadi wa Wanyamwezi na Wasukuma. Maofisa wa Kijerumani waliipa ngome ya Isike, ntemi wa Unyanyembe, jina la Quikuru, ambalo si jingine ila kwikulu, yaani pale ikulu, likiwa limeandikwa kwa tahajia yao. Ngome hiyo iliyokuwa karibu na Tabora ilivamiwa na kutekwa Januari 1893, na Isike akailipua ghala yake ya baruti akiwa ndani. Tangu hapo mamlaka ya kulinda yalihama kutoka ikulu ya ntemi kwenda kwenye boma la Mjerumani, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa Mwingereza.

Amani ya kikoloni, hata kama ililetwa kwa mtutu na ikalipwa kwa kodi, ilibadili ramani ya makazi. Kwa kuwa vita na utekaji vilikoma, watu walitoka nyuma ya minyaa na kutawanyika, kila mwenye kaya akifuata ardhi yenye rutuba, maji na malisho, na katika Usukuma, ambako ng'ombe ndio akiba, mahari na heshima, kaya zilienea mbugani zikiwa mbali mbali. Tembe nazo zilipungua zikaachia nafasi nyumba za msonge na baadaye za bati. Mwano haukusahaulika, lakini ulisafiri mbali zaidi kabla ya kufika sikioni, na wajibu wa kuuitika ulisimamiwa na wazee pamoja na watemi waliokuwa sasa watumishi wa serikali, hadi mwaka 1963 cheo cha utemi kilipofutwa na Tanganyika huru.

Muongo uliofuata ulileta mkusanyiko mwingine, safari hii kwa amri. Novemba 1973 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni agizo litakalokamilika kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na kufikia mwaka 1977 takwimu rasmi zilihesabu watu zaidi ya milioni 13 wakiishi katika vijiji vilivyoandikishwa. Kwa mtazamo wa juu juu, Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wamerudi katika hali ya babu zao, nyumba kwa nyumba. Tofauti ilikuwa kwamba kijiji cha zama za Mirambo kiliundwa na watu waliochagua kujikinga pamoja, ilhali kijiji cha operesheni hiyo ya kuhamia vijijini kiliwakusanya watu ambao wengine hawakuwa na udugu wala desturi ya kusaidiana, na uongozi wake uliwajibika kwa chama na wilaya kuliko kwa mwenye zizi. Ukaribu wa nyumba peke yake haukumfanya msikiaji atoke nje.

Kisha kikaja kipindi kigumu. Vita dhidi ya Idi Amin, vilivyoanza baada ya majeshi yake kuivamia Kagera mwaka 1978 na kumalizika mwaka uliofuata, viliacha hazina tupu na silaha mikononi mwa watu wasiostahili kuwa nazo, na uhaba wa bidhaa ulifika mahali ambapo sabuni, nguo na redio vilikuwa mali ya kuibiwa kama ng'ombe. Makundi ya majambazi yaliingia katika kaya usiku, mengine yakiwa na bunduki, na mifugo iliswagwa hadi wilaya nyingine kabla ya kukucha. Polisi walikuwa wachache na mbali, na malalamiko kwamba mshtakiwa hurudi kijijini kabla ya mlalamikaji yalikuwa ya kawaida.

Kulikuwa pia na jeraha la karibu zaidi kati ya wananchi na dola. Mwaka 1976 vyombo vya usalama viliendesha operesheni kali mikoani Mwanza na Shinyanga ili kukomesha mauaji, na baadhi ya watuhumiwa walikufa wakiwa mikononi mwa dola kutokana na mateso. Mapema mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya kisiasa ya vifo hivyo ingawa hakuhusika navyo binafsi. Kujiuzulu huko kumesifiwa mara nyingi kama mfano wa uwajibikaji, na kwa haki. Kisichotajwa mara nyingi ni kwamba kulitokana na tatizo lile lile, la nani ailinde kaya ya Msukuma na kwa njia gani, ambalo lilibaki bila jibu.

Jibu lilitoka mpakani mwa mikoa ya Tabora na Shinyanga, hasa upande wa Kahama, kati ya mwaka 1981 na 1982, likaenea kijiji kwa kijiji kwa kasi iliyowashangaza viongozi. Liliitwa sungusungu, jina la chungu wakubwa weusi ambao mmoja wao ni mdudu tu lakini kundi lao humfukuza mnyama mkubwa. Wanachama wenyewe walipenda pia kuitwa basalama, watu wa salama. Kila kijiji kilichagua ntemi wake, katibu na makamanda, na mchanganyiko huo wa vyeo unaeleza mengi: ntemi alirudishwa miaka chini ya 20 baada ya serikali kumfuta, safari hii bila ukoo wa kitawala, akawekwa pamoja na katibu aliyeazimwa kutoka chamani na kamanda aliyeazimwa kutoka mgambo. Si haki kuuita mfumo huo mabaki ya mila, kwa kuwa uliundwa na wakulima wa miaka ya 1980 kwa vipande walivyovikuta mezani.

Utendaji wake ulijengwa juu ya mwano. Mwanamume alitakiwa awe na upinde na mishale, na sauti ya koo iliongezewa filimbi. Kaya ikivamiwa, yowe lilipokelewa na jirani, naye akalipeleka mbele, hadi vijiji kadhaa vikawa vimeamka, na vijana wakafuata nyayo za ng'ombe hadi kwenye mpaka wa kijiji cha pili, ambako kazi ilipokelewa na sungusungu wa huko. Mwizi aliyezoea kukimbia kijiji kimoja alijikuta anakimbia wilaya nzima. Mikutano ilifanyika nje ya makazi, wanachama walikula kiapo, na dawa za kinga za waganga zilitumika, jambo ambalo wasomi wengine waliliona la kando, ingawa kwa mtu anayekwenda kumkabili mwenye bunduki akiwa na mshale huenda lilikuwa ndilo lililomtoa nyumbani. Aliyethibitishwa kuwa na hatia alilipa faini au alirudisha mali. Adhabu iliyoogopwa zaidi ilikuwa kutengwa: aliyekataa kuitika mwano au kuitii hukumu aliachwa peke yake, bila wa kumsaidia shambani wala wa kumjibu yeye atakapopiga yowe. Ulinzi wa kaya ulikuwa umefanywa deni ambalo kila mmoja hulipa kwa mwenzake, na asiyelipa hakopeshwi.

Katika deni hilo hilo ndimo lilimokuwamo doa lake kubwa. Mvamizi, katika fikra za wanavijiji wengi, hakuwa mwizi wa ng'ombe pekee, kwani mchawi naye alihesabiwa kuwa mtu anayeingia katika kaya usiku na kuua watoto bila kuvunja mlango. Sungusungu walipoanza kuwasaka wachawi, waliotuhumiwa walikuwa mara nyingi wanawake wazee, ambao wengine walifukuzwa vijijini mwao bila ushahidi ambao mahakama yoyote ingeupokea. Watuhumiwa wa wizi nao walipigwa, wengine hadi kufa. Kwa mjane aliyeamshwa na wanaume wenye mishale mlangoni pake, walinzi ndio waliokuwa wavamizi, na hakuwa na wa kumpigia mwano, maana waitikaji wote walikuwa wamesimama mbele yake.

Serikali iligawanyika. Polisi na mahakimu waliona uvunjaji wa sheria na wakawakamata baadhi ya wanachama. Viongozi wa chama, Nyerere akiwa mmojawapo, waliona wananchi wanaojilinda kama walivyohimizwa tangu uhuru. Upande wa pili ulishinda. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha Sheria Na. 9 iliyorekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata unaofanana na wa polisi, na Rais aliyekuwa madarakani wakati huo alikuwa Mwinyi yule yule aliyejiuzulu kwa ajili ya waliokufa wakiwa wamekamatwa.

Kutoka hapo mfumo ulisafiri. Katika miaka ya 1990 Wakurya wa Tarime, waliosumbuliwa na wizi wa ng'ombe uliogeuka biashara, waliuunganisha na mkutano wao wa jadi unaoitwa iritongo, na mwaka 1998 Wakurya wa upande wa Kenya wakauvusha mpaka. Safari ya mijini haikuwa na mafanikio hayo. Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani tangu mwaka 1990, aliusukuma kwa bidii hadi Dar es Salaam, ambako kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa kuzunguka usiku. Lakini mfanyakazi anayeamka alfajiri kuwahi basi haoni taabu kutoa fedha badala ya usingizi, na taratibu doria ikawa kazi ya vijana wanaolipwa kwa michango ya mtaa. Aliyekuwa na uwezo zaidi alijenga ukuta, akapandikiza vipande vya chupa juu yake, akafunga nondo madirishani na kuajiri mlinzi wa getini, ambaye mara nyingi alikuwa kijana kutoka bara, pengine Usukumani kwenyewe. Ulinzi shirikishi na Polisi Jamii, vilivyopewa msukumo mpya chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema baada ya mwaka 2006, vilijaribu kuufunga tena uzi uliokatika.

Kenya nayo ilipotafuta njia kama hiyo, baada ya shambulio la Septemba 2013 katika jengo la maduka la Westgate jijini Nairobi, iliazima jina kutoka Tanzania. Nyumba Kumi lilikuwa jina la mashina ya TANU, chama tawala cha Tanganyika, ya miaka ya 1960, ambayo kila moja liliongozwa na balozi aliyewajua watu wa nyumba zake na wageni wao. Katika majengo ya ghorofa ya Nairobi, ambako wapangaji hukutana ngazini kwa miaka bila kuitana majina, yowe la hatari huishia ukutani hata likiwa limepigwa hatua tatu tu kutoka sikioni, na jambo la kwanza ambalo mpango huo uliwataka wakazi walifanye lilikuwa kumjua anayeishi upande wa pili.