Hemingway Alipita Babati, Akanunua Achari

Mji wangu umo katika kitabu cha Ernest Hemingway. Siku nilipogundua hilo nilikuwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nilipiga meza kwa furaha mpaka mkutubi akanitazama juu ya miwani yake. Nikasoma tena kuhakikisha. Babati, imeandikwa sawasawa, haijakosewa hata herufi. Kisha nikaisoma sentensi yenyewe mpaka mwisho, na furaha ikapungua. Bwana mkubwa na wenzake walisimama Babati kwenye hoteli ndogo inayotazama ziwa, wakanywa bia baridi, wakanunua achari ya Kiingereza aina ya Pan-Yan, wakawasha gari wakaelekea kusini. Basi. Tangu nikiwa mtoto naambiwa Babati ni mji wa kupita tu, watu wanashuka kuchimba dawa na kununua mahindi ya kuchoma. Kumbe hata fasihi ya dunia inakubali.

Wala sikuwa nimekwenda maktaba kumtafuta Hemingway. Nilikuwa nashughulika na tasnifu yangu ya uzamili, na kazi yangu ilikuwa mafaili ya Hans Cory yaliyohifadhiwa hapo. Cory alizaliwa Vienna mwaka 1888 kwa jina la Hans Koritschoner, akaja Tanganyika, akaishia kuwa mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni. Ndiye aliyeandika kitabu cha sheria na mila za Wasukuma, na kingine cha 1956 kuhusu vinyago vya udongo vinavyotumika katika jando na unyago. Alifariki mwaka 1962. Ni mtu wa mafaili, kwa kweli, na nilikuwa nimeanza kusinzia juu yake. Ndipo nikakutana na maelezo kwamba huyuhuyu Koritschoner ndiye Mwaustria mwenye lori bovu anayetokea mwanzoni mwa *Green Hills of Africa*. Nikaacha mafaili, nikaazima kitabu. Msimamizi wangu bado hajui kwa nini sura ya pili ilichelewa wiki tatu.

Tuanze na safari yenyewe. Hemingway aliteremka Mombasa Desemba 1933 akiwa na mkewe Pauline na rafiki yao kutoka Key West, Charles Thompson. Fedha zilitoka kwa ami yake Pauline, Gus Pfeiffer, tajiri aliyetoa dola 25,000. Kumbuka huo ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, Wamarekani wengine wamepanga foleni ya supu. Wakamwajiri Philip Percival, mwindaji wa Kenya aliyewahi kumhudumia Rais mstaafu Theodore Roosevelt mwaka 1909. Kila kitu kilikuwa tayari. Kilichobaki ni Hemingway kuwa Hemingway.

Tumbo likakataa. Serengeti, Januari 1934, shujaa wa vita na mabondia na ng'ombe wa Hispania alikamatwa na kuhara damu, amiba, mpaka ndege ndogo ikaitwa kumchukua kumpeleka Nairobi. Njiani ilipita karibu na Kilimanjaro. Miaka miwili baadaye alitoa hadithi maarufu kuhusu mwandishi anayekufa polepole kambini karibu na mlima huo, na walimu wa fasihi wameifundisha kwa uzito wote. Mimi sasa siwezi kuisoma bila kukumbuka choo.

Alipopona akarudi, na hapo ndipo kitabu kinapoanza kunichekesha kwelikweli. Tatizo lake halikuwa simba wala nyati. Tatizo lake lilikuwa Charles, ambaye kitabuni anaitwa Karl. Karl ni mtu mpole, hana maneno, anawinda kwa wasiwasi. Lakini kila Hemingway anapompata faru, Karl anarudi jioni na faru mkubwa zaidi. Hemingway anajipa moyo, anasema hana wivu, anamwambia mkewe hana wivu, anamwambia Percival hana wivu. Usiku halali.

Basi wakatoka upande wa Mto wa Mbu, wakapita Babati kwa ile bia na ile achari, wakashika barabara iliyokuwa ikiitwa ya Cape hadi Cairo. Ni njia ileile ya kwenda Kondoa na Dodoma, ile iliyozinduliwa kwa lami mwaka 2018. Ukipanda milima ya Bereko ukatazama kushoto utaona nyika ya Wamaasai imelala kama ngozi iliyoanikwa. Walikuwa wanamtafuta tandala. Tandala mkubwa, mwenye pembe za kujisokota, ndiye mnyama ambaye Hemingway alikuwa bado hajampata, na mvua za masika zilikuwa zinakaribia kufunga njia.

Fikiria jioni moja. Amejificha kwenye uficho wa matawi karibu na mahali wanyama wanapolamba chumvi. Amekaa kimya kwa saa nyingi, siku zimebaki chache. Giza linakaribia, ni wakati wenyewe wa tandala kutoka. Ghafla barabarani linasikika lori, linagonga, linakohoa, linalia kama sufuria zimefungwa mkiani mwa punda. Kila chenye masikio kikakimbia. Jioni imekwisha.

Huyo ndiye Hans wangu wa mafaili. Kitabuni anaitwa Kandisky. Anatokea barabarani miguu tege, amevaa kaptura ya ngozi na kofia ya milima ya kwao, lori limemfia. Anauliza jina la huyu Mmarekani, na akisikia anauliza kama ndiye yule mshairi, maana amesoma mashairi yake katika gazeti la Kijerumani. Hemingway, aliyetaka kumnyonga dakika moja kabla, analainika. Wanamkaribisha kambini. Na hapo mezani, huyu mgeni mwenye lori bovu anasema mambo mawili ambayo niliyapigia mstari (kwa penseli, mkutubi anisamehe). Kwanza, kwamba yeye haui mnyama. Pili anauliza kwa nini hawa wageni hawaonyeshi hamu zaidi ya kuwajua wenyeji. Mke wa Hemingway anamhakikishia kwamba wanayo hamu hiyo. Mazungumzo yanahamia kwa waandishi wa Marekani.

Nilibaki na hilo swali muda mrefu kuliko nilivyokaa na sura yoyote ya tasnifu. Kwa sababu ukweli ni kwamba wenyeji wamejaa katika kitabu hicho, na mara nyingi ndio wanaocheka. Yuko M'Cola, mbeba bunduki, mzee mwenye dharau ya kimyakimya. M'Cola anacheka fisi wakipigwa risasi. Anacheka Hemingway akikosa ndege. Siku Pauline alipomfyatulia simba, na simba akafa kwa risasi ya mumewe, kambi nzima iliamua kwamba Mama ndiye aliyemuua. Wakambeba mabegani wakaimba wakizunguka moto, na Hemingway akabaki kuwa mume wa mwenye simba. Kwa maoni yangu walijua kabisa risasi ilikuwa ya nani. Ulikuwa utani, na ulikuwa utani mzuri, na mwandishi ana sifa hii moja, kwamba aliuandika hata pale ulipomgeuka.

Lakini majina? Mfuatiliaji mmoja wa nyayo kope zake zinalegea, anaitwa Droopy. Mwingine ana mbwembwe, kila kitu kwake ni igizo, basi anapewa jina la Garrick, mwigizaji wa Uingereza wa karne ya 18. Mtu amezaliwa, amepewa jina na bibi yake, amepitia jando, ameoa, ameijua nyika kama kiganja chake, anaingia katika historia ya dunia akiwa Garrick. Hemingway alijua urefu wa kila pembe kwa inchi.

Alimpata tandala hatimaye. Wawili, wakubwa, siku za mwisho kabisa, na maelezo yake ya furaha hiyo ni mazuri mno. Akarudi kambini usiku akipiga honi. Karl alikuwa amefika kabla yake. Karl alikuwa na tandala mmoja tu. Mkubwa kuliko wote wawili.

Na palahala aliyemjeruhi hakumwona tena. Hilo halichekeshi.

Angeweza kukoma hapo, hakukoma. Alirudi tena Afrika Mashariki mwaka 1953, na Januari 1954 alimkodia ndege mke wake wa nne, Mary, waione Uganda kutoka angani. Tarehe 23 ndege ikagusa waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, ikaanguka. Wakaokolewa na mashua. Tarehe 24, huko Butiaba, wakapandishwa ndege nyingine iwatoe, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka. Magazeti ya dunia yakatangaza kifo chake, naye akakaa akisoma tanzia zake mwenyewe. Aliumia vibaya, na wanaomjua wanasema hakupona kabisa. Oktoba mwaka huohuo akapewa Nobeli. Mwanawe Patrick ndiye aliyebaki huku, akaja kufundisha kwa miaka mingi katika chuo cha usimamizi wa wanyamapori Mweka, Moshi.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani nikiwa na kazi moja: kuitafuta ile hoteli. Nilianza kwa mama lishe wa stendi, akasema ni pale ilipo gesti fulani, kwa sababu ni ya zamani. Fundi cherehani akasema si hapo, ni upande wa Nangara. Wa tatu akanipeleka mwenyewe mpaka kwenye ukuta uliobomoka, akanieleza kwa uhakika mkubwa dirisha lilitazama wapi, kisha akataka elfu mbili. Nilimpa. Baadaye nikaelezwa huo ulikuwa ukuta wa banda la ng'ombe, umejengwa nikiwa darasa la tano.

Mwishowe nikaenda kwa mzee mmoja jirani yetu wa Bagara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia unatafuta Mzungu aliyekufa."

Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kama huyo mtu alilipwa kuandika. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema Wazungu wenye bunduki walipita wengi na baba yake alikuwa akiwasimulia. "Baba alisema ukimwonyesha Mzungu mnyama, unapewa nyama na shilingi. Ukimpiga mwenyewe, unapewa pingu."

Sikuwa na haja ya kwenda kwenye mafaili kwa hilo, ingawa limo. Tangu amri ya Hermann von Wissmann ya mwaka 1896, enzi ya Wajerumani, kuwinda wanyama wakubwa kulihitaji kibali cha kulipia. Waingereza wakaja na sheria yao ya 1921. Mwenye ami tajiri alikuwa mwindaji. Jirani wa tandala, aliyezaliwa naye pori moja, alikuwa jangili.

Mzee akanishauri nikiacha hoteli nikaangalie ziwa, maana ziwa halijahama. Kwa hiyo kesho yake, mimi niliyezaliwa Babati na kuishi humo miaka kumi na minane bila kupanda mtumbwi hata mara moja, nilijipeleka kwa mvuvi mmoja anitembeze niwaone viboko. Ziwa letu lina viboko wa kutosha. Waulize wenye mashamba ya mahindi kandokando. Nilikuwa na daftari, simu yenye chaji kamili na viatu visivyofaa.

Baada ya nusu saa nikamwona wa kwanza. Mgongo mweusi, umelowa, umetulia. Nikamnong'oneza mvuvi asimame. Akasimama. Nikapiga picha thelathini na tano. Nikaandika saa, nikaandika hali ya hewa, nikaandika kwamba mnyama alionekana kutojali. Mvuvi aliniacha mpaka nilipofunga daftari.

"Kaka," akasema kwa upole, "hilo ni gogo."

Alipomaliza kusema, nyuma yetu maji yakapumua. Kiboko halisi ana pumzi kama tairi la lori likitolewa upepo. Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo, nikasimama, kosa ambalo hulifanyi kwenye mtumbwi, na daftari likaenda majini likiwa na ile hali ya hewa. Mvuvi alinivuta shati nikakaa, akasukuma upondo mara nne tano, taratibu, bila haraka yoyote. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Alikuwa anacheka mpaka machozi, na alicheka hivyo mpaka mateténi.

Tulipofika nchi kavu watoto walishapata habari, sijui kwa simu gani. Nilipokuwa nakamua soksi mmoja akaniamkia: "Shikamoo, Bwana Gogo." Nadhani ndilo jina langu sasa upande ule wa ziwa.

Nilimwambia mvuvi kwamba nataka kuandika habari hizi, na kwamba yeye, tofauti na wale wa 1934, nitamwandika kwa jina lake kamili, la kwake na la baba yake. Nilikuwa nimeliandaa lile tamko toka tukiwa majini. Aliacha kucheka.

"Usithubutu," akasema. "Sina kibali cha kubeba watalii."

"Mimi si mtalii. Mimi ni wa hapa."

Akaitazama simu yangu, akavitazama viatu vyangu. "Andika jina lolote," akasema, akianza kuufunga mtumbwi. "Andika Kambale. Halafu na ile picha ya gogo, nitumie, nikawaonyeshe wenzangu."